Mizeituni ugenini: dalili, vyanzo na marekebisho

Mzeituni ni mgumu kufa, na hapo ndipo hasara yake inapojificha. Shamba la Paarl huko Afrika Kusini, la Australia Kusini au la La Rioja huko Argentina linaweza kukaa kijani kwa miaka minane, likila maji, mbolea na mishahara, lisitoe hata debe moja la maana. Mwongozo huu, wa mizeituni iliyopandwa mbali na kwao Bahari ya Kati, unaanzia kwenye kile unachokiona shambani na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kurudi nyuma ni kwa maana halisi ya kalenda. Dalili nyingi za mzeituni huwa zimeanza miezi sita hadi kumi na minane kabla hujaziona. Maua yaliyokosekana Oktoba huenda yalipotea Julai, au hata Desemba ya mwaka uliotangulia. Miezi iliyotajwa hapa ni ya kusini mwa ikweta: maua Oktoba hadi Novemba, kokwa kuwa ngumu kuelekea mwisho wa Desemba, mavuno Machi hadi Julai. Kwa California sogeza yote kwa miezi sita.

Mti umenawiri, maua hakuna

Usianze na mfuko wa mbolea. Anza na tawi. Zeituni huzaliwa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita, kwa hiyo mwezi Septemba chagua matawi kumi kuzunguka mti, upime urefu wa sehemu hiyo. Kinachofaa ni sentimita 20 hadi 50. Yakiwa mafupi kuliko hapo, mti ulikosa maji au chakula, au ulibeba mzigo mkubwa mwaka jana. Yakipita sentimita 60, laini na yenye majani yaliyoachana sana, naitrojeni na maji vimezidi. Punguza vyote viwili kabla ya kushika mkasi.

Matawi yakiwa ya urefu mzuri, yamepata jua, na kwenye makwapa ya majani hakuna vichipukizi vya maua, mshukiwa wa kwanza ni baridi. Mzeituni unataka majira ya baridi ya kweli ila yasiyo makali. Majaribio ya Chuo Kikuu cha California, Davis, yalionyesha kwamba mti huchanua vizuri ukipata wiki kadhaa za usiku wa nyuzi joto 2 hadi 4 na mchana wa nyuzi 15 hadi 18. Usiku wa baridi ukifuatwa na mchana wa joto kali, faida ya usiku hupungua sana.

Hapa nyanda za juu za Afrika Mashariki huwadanganya watu. Nairobi mwezi Julai ni nyuzi 11 au 12 usiku na 21 au 22 mchana: kwa mwili wa binadamu ni baridi, kwa mzeituni haitoshi, tena haijakusanyika kwenye msimu mmoja. Mtu anaona mzeituni mwitu, oloirien wa Wamasai au mutamaiyo wa Wakikuyu, ukizaa vizuri kwenye misitu mikavu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, anahitimisha kwamba zeituni za biashara zitafuata. Huo ni jamii-ndogo nyingine, wenye tunda dogo ambalo karibu lote ni kokwa, na mahitaji yake ya baridi ni tofauti. Kubebesha Manzanilla, aina ya zeituni za mezani, juu ya shina la mwitu hakusaidii, kwa sababu chipukizi lililobebeshwa hubaki na mahitaji yake lenyewe. Miche itanawiri, itatoa ua moja hapa na jingine pale, na itaishia kuwa miti ya kivuli.

Kipimo chake ni rahisi na ni nafuu kuliko miche. Tundika kipimajoto chenye kumbukumbu kwenye kivuli, mita moja na nusu kutoka ardhini, mahali penyewe utakapopanda, ukiache kwa majira mawili ya baridi. Takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho kilomita 30 kutoka hapo, mita 200 juu au chini yako, hazitoshi. Baridi ikiwa ya kubahatisha, Arbequina na Koroneiki ndizo zinazovumilia upungufu kuliko aina nyingi. Kama shamba limeshapandwa aina isiyofaa, hakuna homoni wala mbolea ya kuziba pengo hilo. Kilichobaki ni kukata mashina na kubebesha aina nyingine, au kukubali hasara mapema.

Vyanzo vingine vya kukosa maua vinapimwa haraka zaidi. Mti uliotokana na mbegu, si kipandikizi, unaweza kupita miaka kumi bila kuzaa, na ukizaa hautafanana na mama yake. Uliza kitalu kabla hujalipa. Kivuli nacho: ukiona maua juu tu na katikati ya mti ni matupu, mwanga hauingii. Hili ndilo gonjwa la mashamba ya safu zilizobanwa, yale ya mita 4 kwa 1.5, karibu miti 1,670 kwa hekta. Miaka ya mwanzo huzaa kuliko jirani wote, kisha safu inanenepa na kujifunga. Shikilia kimo cha mita 2.5 hadi 3, fyeka pande kwa zamu, na ondoa kwa mkono matawi manene yanayoelekea katikati ya safu. Mashine ya kufyeka peke yake hutengeneza ukuta wa majani nje na ukavu ndani.

Maua tele, matunda machache

Kwanza hakikisha kweli ni tatizo. Shada moja lina maua kumi hadi thelathini, na mti ukishika tunda kwenye asilimia 1 au 2 ya maua yake, hayo ni mavuno mazuri. Zulia jeupe la maua chini ya mti halisemi chochote.

Kisha pasua maua yenyewe. Chukua mashada ishirini, fungua ua kwa ukucha na utazame katikati: ua kamili lina kifuko cha kijani chenye umbo la chupa, ua la kiume lina doa dogo lililosinyaa. Ua kamili moja tu kwa shada linatosha. Yakiwa karibu yote ni ya kiume, mti ulipata kiu au ukakosa naitrojeni katika wiki sita hadi nane kabla ya kuchanua. Katika Rasi ya Magharibi ya Afrika Kusini mvua ya baridi kwa kawaida hufunika kipindi hicho. Ukihamia upande wa mvua za majira ya joto, kama Limpopo, Agosti na Septemba ni vikavu kabisa, na mkulima aliyeambiwa kwamba mzeituni haupendi maji huwa amefunga koki wakati ule ule ua linapojengwa. Fungua maji Agosti, na naitrojeni ya kwanza iwe imeshafika kwenye mizizi kabla ya machipukizi kuamka.

Maua yakiwa kamili na matunda hayapo, tazama chavua. Mzeituni huchavushwa na upepo, hivyo mizinga ya nyuki haitakuokoa. Manzanilla ikiwa peke yake hushika vibaya, hasa mwaka wa joto. Iwekee mchavushaji, yaani mzeituni wa aina nyingine, anayechanua siku zile zile, asiwe mbali zaidi ya mita 30, upande unakotoka upepo. Alama ya uchavushaji mbovu ni vishada vya vizeituni vya duara, vidogo kama pilipili manga, visivyo na kokwa, ambavyo havikui. Alama hiyo hiyo huletwa na upepo mkavu wa moto siku za maua, na mvua ya siku mbili tatu huosha chavua yote. Hali ya hewa huwezi kuirekebisha, lakini aina mbili zinazopishana kidogo kuchanua hugawanya hatari.

Mwaka huu magunia, mwaka ujao mkono mtupu

Kupishana mavuno ni tabia ya mzeituni hata kwao. Ugenini huzidi kwa sababu wakulima huushangilia mwaka wa wingi. Mzigo mkubwa hufanya mambo mawili: huzuia matawi mapya kukua, na mbegu zinazokua ndani ya tunda hutuma ishara inayozuia machipukizi kugeuka maua. Ishara hiyo hupita karibu na wakati kokwa inapokuwa ngumu, wiki sita hadi nane baada ya maua. Kata tunda kwa kisu mwezi Desemba: likikatika bila kizuizi bado una nafasi ya kupunguza matunda, kisu kikikwama umechelewa.

Kwa zeituni za mezani, California hupunguza matunda kwa NAA, dawa ya homoni inayoangusha matunda machanga, siku 12 hadi 18 baada ya maua kufunguka kikamilifu, kwa kipimo cha sehemu 100 hadi 150 kwa milioni. Ukiwahi, unamwaga mavuno yote, na ukichelewa haifanyi kazi. Joto kali siku ya kunyunyiza nalo hubadili matokeo. Anza na safu mbili. Kwa zeituni za mafuta gharama hiyo hailipi. Huko silaha ni kupogoa kwa nguvu kabla ya mwaka unaotarajiwa kuwa wa wingi, kupogoa kidogo sana kabla ya mwaka wa uhaba, kuvuna mapema miti iliyolemewa, na kutokata maji mara baada ya mavuno. Wengi hukosea hapo pa mwisho, maana mti usio na tunda hauonekani kudai chochote.

Majani yanabadilika

Soma rangi pamoja na mahali ilipo kwenye jani na kwenye tawi.

Ncha ya jani ikiwa ya njano au imekauka, na upande wa kikonyo bado kijani, fikiria boroni. Dalili zinazoithibitisha ni matunda yaliyobonyea upande wa chini kama yameng'atwa, na ncha za matawi kufa kisha kutoa vichipukizi vingi kama ufagio. Majani ya zamani yakiungua ncha baada ya mavuno makubwa, potasiamu imeisha, kwani tunda hubeba nyingi. Ncha na kingo zikiungua mti mzima mahali pa maji ya kisima, pima chumvi kabla ya kununua mbolea yoyote. Jani lote kupauka kuanzia lile la zamani ni njaa ya naitrojeni, au mizizi iliyokaa majini isiyoweza kuinyonya.

Dhana hizi zithibitishwe na maabara. Sampuli huchukuliwa Januari: majani 80 hadi 100 yaliyokomaa, kutoka katikati ya matawi ya msimu huu yasiyo na matunda, kutoka miti ya aina moja. Naitrojeni iwe asilimia 1.5 hadi 2; chini ya 1.4 ni upungufu. Potasiamu iwe juu ya 0.8, chini ya 0.4 ni njaa. Boroni iwe sehemu 19 hadi 150 kwa milioni, na chini ya 14 ni upungufu. Sodiamu ikipita asilimia 0.2 au kloridi 0.5, chumvi imeingia. Boroni inataka tahadhari ya pekee, kwa sababu umbali kati ya dawa na sumu ni mfupi: toa kiasi kidogo, pima tena mwaka unaofuata, na usirudie kwa mazoea.

Madoa ya duara ya milimita 2 hadi 10, meusi au ya kahawia, yenye mzunguko wa njano kama jicho la manyoya ya tausi, ni kuvu wa *Fusicladium oleagineum*. Hupenda unyevu na joto la nyuzi 10 hadi 20, na huvua majani mpaka matawi ya chini yanabaki fito. Kinachosumbua ni kwamba maambukizi ya kiangazi hukaa kimya ndani ya jani. Kuyafichua, yeyusha gramu 50 za kostiki soda kwenye lita 1 ya maji (mimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, na uvae glavu na miwani), zamisha majani kwa dakika 20 hadi 30, na madoa yaliyojificha yatatokea meusi. Ukiyaona mwezi Machi, nyunyiza kopa (dawa ya shaba ya kuzuia kuvu) kabla ya mvua za kwanza, kisha tena mwisho wa baridi. Kopa hulinda jani lenye afya. Haiponyi lililokwisha kuingiliwa.

Jani lenye vitone vya njano kwa juu na uchafu mweusi kama kinyesi cha inzi chini yake lina wadudu wafyonzaji wenye mabawa ya wavu. Australia ana wa kwake, *Froggattia olivinia*, aliyehamia mizeituni kutoka kwenye mti wa asili wa huko. Afrika Kusini kuna *Plerochila australis*. Sabuni ya potasiamu au pareto humuua akiguswa, kwa hiyo dawa ilenge chini ya jani, na irudiwe baada ya siku 10 hadi 14 kuwapata walioanguliwa.

Masizi meusi yanayofutika kwa kidole si ugonjwa. Ni ukungu unaokula utamu wa vidugamba weusi, *Saissetia oleae*. Mdudu huyu asili yake Afrika Kusini, na maadui zake wa asili wako huko huko. Ukiona amelipuka Rasi, mara nyingi kuna sumu iliyowaua nyigu wadogo wanaomla, au sisimizi wanaomlinda. Zuia sisimizi shinani, fungua katikati ya mti ili joto liwaue vidugamba wachanga, na kama lazima, nyunyiza mafuta mepesi ya kilimo ya asilimia 1 hadi 2 wakati wachanga wanatambaa. Usiyapige joto likipita nyuzi 32 wala kwenye mti wenye kiu.

Tawi au mti unakauka

Swali la kwanza: ni tawi moja au mti mzima?

Tawi moja linalonyauka ghafla mwanzoni mwa msimu wa kukua, majani yakakauka yakiwa bado yameshikilia, ni mnyauko wa *Verticillium dahliae*. Kuvu huyu hukaa udongoni miaka mingi, akiachwa na pamba, nyanya, viazi, pilipili au biringanya. Dawa hakuna. Kata tawi hadi kwenye mbao yenye afya, lichome, na kati ya safu usipande mazao hayo hata kwa mwaka mmoja wa kujikimu. Kwa shamba jipya, historia ya ardhi ni muhimu kuliko kipimo cha rutuba.

Mti mzima ukipauka pole pole, majani yakapukutika, na gome la chini ya udongo likawa la kahawia na laini, ni *Phytophthora*, na nyuma yake kuna maji yaliyotuama. Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, liache lishuke, lijaze tena. Yakibaki maji baada ya saa 24, ardhi hiyo haifai bila matuta ya nusu mita na mitaro. Hufanywa kabla ya kupanda. Matuta ya baadaye huzika shina na kuongeza tatizo.

Ncha zilizokauka zote upande mmoja wa bonde baada ya usiku mkali ni baridi iliyotuama. Machipukizi machanga huumia kuanzia nyuzi 3 hadi 5 chini ya sifuri, na mbao ya mti mzima kuanzia 7 hadi 10 chini ya sifuri. Subiri hadi kiangazi ndipo ukate, uone kilicho hai. Vinundu vigumu kama uvimbe kwenye matawi huletwa na bakteria *Pseudomonas savastanoi*, anayeingia kwenye majeraha ya baridi, mvua ya mawe na mkasi. Pogoa siku kavu, osha mkasi kati ya mti na mti, piga kopa baada ya kuvuna.

Tunda linaharibika mtini

Tundu dogo la duara na njia ya kahawia ndani ni nzi wa zeituni, *Bactrocera oleae*. Australia hayupo, na karantini ya huko ina maana. California aligunduliwa Los Angeles mwaka 1998, naye akabadilisha hesabu zote za wakulima. Afrika ndiko kwake, akiishi kwenye zeituni mwitu pamoja na nyigu wanaomshambulia. Mmoja wao, *Psyttalia lounsburyi*, alichukuliwa Kenya na kuachiwa California. Tundika mitego ya vidonge vya hamira ya torula kuanzia kokwa inapokuwa ngumu, hesabu kila wiki, na tumia chambo chenye spinosadi (sumu ya wadudu) badala ya kulowesha shamba zima. Joto linapopita nyuzi 38 mayai na funza hufa, kwa hiyo katika maeneo ya bara yenye moto tatizo huja mwanzo na mwisho wa msimu. Zeituni ya mafuta huvumilia wachache ikivunwa na kusagwa mapema. Ya mezani haivumilii hata mmoja.

Tunda laini lenye utando wa rangi ya chungwa, kisha likakauka na kubaki mtini, ni chule, kuvu wa *Colletotrichum*. Ni ugonjwa wa mahali penye mvua wakati wa kuiva, hali ambayo nchi za asili huipata kwa nadra kuliko pwani ya mashariki ya Australia. Aina za Barnea na Manzanilla huugua upesi. Ondoa matunda yaliyokauka mtini, fungua mti upate upepo, piga kopa kabla ya mvua, na ukiona dalili ya kwanza vuna, usisubiri mafuta yaongezeke, kwani asidi itapanda haraka zaidi.

Ncha ya tunda changa ikioza kavu bila mdudu wala utando, maji yalikuja kwa kuruka ruka na kalsiamu haikufika. Rekebisha ratiba ya umwagiliaji wa matone. Tunda lililokunjamana tu lina kiu, na hujaa tena ukimwagilia.

Mafuta machache, au yanakataliwa maabara

Tunda la maji mengi husagika likawa uji usioachia mafuta. Arbequina na Barnea zilizomwagiliwa hadi siku ya mwisho ni mfano. Punguza maji siku kadhaa kabla ya kuvuna, subiri siku chache baada ya mvua, na kinuni ongeza unga wa talki wa daraja la chakula, asilimia 1 hadi 2. Kanda dakika 30 hadi 45 kwa joto lisilozidi nyuzi 27. Harufu ya mvinyo au ya zeituni iliyochacha inatoka kwenye lundo na masanduku machafu: saga ndani ya saa 24, kwenye kreti zenye matundu. Asidi huru ikipita asilimia 0.8 daraja la juu kabisa limepotea, hata kama ladha ni nzuri.

Kuna kukataliwa kwingine ambako hakutokani na kosa la mtu. Arbequina iliyopandwa kwenye joto la Catamarca, Argentina, hutoa mafuta yenye asidi ya oleiki, asidi kuu ya mafuta ya zeituni, chini ya asilimia 55, kiwango cha chini cha Baraza la Kimataifa la Zeituni, kwa sababu joto wakati mafuta yanajengeka hupunguza oleiki. Barnea huko Australia hupita asilimia 4 ya kampesteroli (kemikali ya asili ya mafuta ya mimea), kikomo cha kawaida cha baraza hilo hilo, na kiwango cha Australia cha mwaka 2011 kiliongeza nafasi hadi 4.8. Mafuta ni halisi, vipimo viliandikwa kwa kutazama nchi za Bahari ya Kati. Kwa shamba la joto, Koroneiki huhifadhi oleiki vizuri kuliko Arbequina, na kuchanganya mafuta ya aina hizo mbili kabla ya kujaza chupa hurudisha namba ndani ya mipaka. Peleka sampuli maabara ukiwa na mavuno ya kwanza ya miti michache ya majaribio, na umuulize mnunuzi anapima kwa kiwango cha nchi gani, kabla ya kuagiza miche ya hekta zilizobaki.